ETI ANAJIFANYA MZUNGU? HEBU TUONGEE KUHUSU LAFUDHI KIDOGO

Wiki hii mitandao imechafuka tena, na safari hii wala siyo habari za nani kamwacha nani. Kuna dada mmoja, msanii, jina lake tuliache kapuni, karudi Bongo baada ya kukaa Marekani miaka kama mitatu hivi. Akaitwa kwenye intavyu ya redio, akaongea Kiswahili karibu dakika 40. Watu wakakata sekunde 15 tu, pale aliposema "nimerudi nyumbani kupumzika", maana "r" ilipinda na "p" ikatoka na upepo. Basi. Klipu ikazunguka kwenye kila grupu la WhatsApp, povu likamwagika.

Nimezisoma zile komenti karibu zote (ndo kazi yangu, msinihukumu). Ukizikusanya zinasema kitu kimoja. Miaka mitatu tu, mtu mzima, kazaliwa Temeke, kakulia Temeke, haiwezekani ulimi ukabadilika. Kwa hiyo anajishaua. Kuna mmoja kaandika kwamba mama yake ana miaka 30 Dar na bado anaongea kama katoka Rombo jana, sasa huyu wa miaka mitatu lafudhi ya Kimarekani kaipata wapi? Hiyo komenti ndo ilipata laiki kuliko zote.

Mi nataka kuanzia hapo hapo, kwa mama wa Rombo. Hoja inaonekana kali, ila imechanganya vitu viwili.

Kinachotokea kwa yule mama akiongea Kiswahili ni lugha yake ya kwanza kuivamia ya pili. Hiyo tunaijua wote, tumekua nayo. Nusu ya vichekesho vya Bongo vinaishi hapo: mtu anasema anaenda kupiga kula, mwingine anasema amekura ugari, watu wanacheka mpaka chozi. Hakuna anayeshangaa. Lakini kinachosemwa kuhusu huyu dada ni kinyume chake, ni lugha ya pili kurudi nyuma na kuigusa ile ya kwanza, ile uliyonyonya. Sasa nikuulize wewe mwenye komenti ya laiki nyingi: umewahi kuwauliza watu wa Rombo wanakisikiaje Kichaga cha mama yako? Siyo Kiswahili chake. Kichaga chake. Mtu kakaa Dar miaka 30, anauza dukani kwa Kiswahili, anagombana na konda kwa Kiswahili, anaombea chakula kwa Kiswahili. Halafu Desemba anapanda basi anaenda kula sikukuu nyumbani. Unadhani kule hawamsikii? Kuna uwezekano mkubwa wifi zake wakikaa jikoni wanasema huyu siku hizi anaongea kama Mswahili. Wewe tu ndo huwezi kusikia, kwa sababu Kichaga chenyewe huna.

Hili siyo la kubishana kwa hisia, maana watu wameshakaa wakapima.

Mwaka 1987 mtafiti mmoja anaitwa James Flege alitoa utafiti kuhusu watu waliohama. Upande mmoja Wafaransa waliokuwa wameishi Marekani muda mrefu, upande mwingine Wamarekani waliokuwa wameishi Ufaransa muda mrefu. Akapima kitu kidogo sana, herufi "t". Ukitamka "t" kwa Kiingereza mwanzoni mwa neno, ulimi ukiachia kunatoka upepo kabla sauti haijaanza. Kwa Kifaransa upepo huo haupo, au ni mdogo sana. Muda wenyewe unapimwa kwa vipande vya elfu moja vya sekunde, yani sikio lako halihesabu, mashine ndo inahesabu. Wale Wafaransa wa Marekani, wakiongea Kifaransa chao, "t" yao ilikuwa imeongezeka upepo. Na wale Wamarekani wa Ufaransa, wakiongea Kiingereza, lugha ya mama zao, "t" ilikuwa imepungua upepo. Kila mmoja kasogea upande wa lugha ya mji anaoishi. Hawa walikuwa watu wazima, na hakuna mtu aliyekuwa anawarekodi ili awapandishe Insta.

Utasema sawa, hao walikaa miaka mingi. Haya. Mwaka 2012 mtafiti mwingine, Charles Chang, alitoa matokeo ya vijana wa Kimarekani waliokwenda Korea Kusini kusoma Kikorea. Walikuwa wanaanza, Kikorea chenyewe cha kuombea maji. Kozi ilikuwa ya wiki 6. Wiki, siyo miaka. Akawa anawapima Kiingereza chao kadiri kozi inavyokwenda, na ndani ya hizo wiki Kiingereza chao kikaanza kusogea, kwenye "p", "t" na "k", mpaka kwenye irabu. Lugha waliyozaliwa nayo inasukumwa na lugha ambayo bado hawaijui vizuri. Sasa rudi kwa dada yetu wa miaka mitatu, halafu uniambie tena "miaka mitatu tu".

Ila ninayempenda zaidi ni Mbrazili mmoja, mwanamke, naye jina lake halipo kwenye utafiti kwa hiyo anatufaa sana hapa kapuni. Alikuwa anasoma Marekani, anakwenda nyumbani Brazil, anarudi, anakwenda tena. Watafiti wawili, Sancier na Fowler, wakawa wanamrekodi kila baada ya kukaa upande mmoja miezi kadhaa, wakatoa matokeo mwaka 1997. Akitoka Marekani, Kireno chake kina upepo zaidi kwenye "p" na "t". Akikaa Brazil, upepo unashuka. Na Wabrazili waliposikilizishwa walikuwa wanaweza kubaini tofauti. Inakwenda na kurudi kama maji ya bahari pale Kigamboni. Hakuna mahali aliposahau Kireno, wala hakuna mahali alipojishaua. Mdomo ulikuwa unafuata masikio.

Kwa nini inatokea? Wengi tunadhani kichwani kuna makabati mawili, hili la Kiswahili, lile la Kiingereza, ukifunga hili unafungua lile. Haiko hivyo. Mdomo ni ule ule mmoja, ulimi mmoja, koo moja, na akili ikikuta sauti mbili zinazofanana, "p" ya huku na "p" ya kule, inapenda kuziweka sehemu moja badala ya kutunza mbili. Zikikaa pamoja zinaanza kuvutana. Sauti ambazo hazifanani kabisa huwa zinaachana kwa amani. Zile zinazokaribiana ndo zinazochafuana.

Na Kiswahili chetu kimejaa sauti za namna hiyo, zinazokaribiana na za Kiingereza bila kuwa sawa. Chukua karatasi nyepesi, iweke mbele ya mdomo, sema "pata". Wengi wetu karatasi haiendi popote. Sasa mwambie mtu aliyekulia London aseme "pata" hiyo hiyo, uone karatasi inavyoruka. (Kuna wenyeji wa pwani ambao "p" yenye upepo wanayo ya asili, na kwao inabadilisha maana: paa la nyumba halina upepo, paa mnyama anao. Lakini wao wanajua ipi inakwenda wapi.) Au sema "baba" taratibu huku umeshika koo. Unasikia koo linashuka kidogo, kama unaivuta hewa ndani? Hiyo "b" Waingereza hawana, yao inasukuma nje tu. Ndo maana Mzungu akisema "baba" kuna kitu unakisikia hakijakaa sawa na huwezi kukitaja. Halafu "e" na "o" zetu zimesimama pale pale, "pole" ni pole. Kiingereza kinaziburuza, "o" inaishia kama "u", "e" inaishia kama "i", inakuwa "pouley". Na "mtu" ndo kabisa, hiyo "m" inayosimama peke yake inawatesa, wanaiongezea irabu, "umtu". Sijaanza hata na "ng'ombe".

Sasa mtu anayeamka Houston, anafanya kazi saa 10 kwa Kiingereza, anapanda basi kwa Kiingereza, anaagiza chakula kwa Kiingereza, na Kiswahili ni nusu saa ya simu na mama usiku. Unategemea "p" yake ibaki Temeke?

Najua mtakachosema, maana mmeshakisema. "Mbona akiimba anatamka vizuri?" Jamani. Wimbo ameukariri. Zile nyimbo alizirekodi kabla hajapanda ndege, kaziimba mara elfu, kila neno limeshapewa mahali pake kwenye biti. Kuongea laivu na mtangazaji anayekurushia maswali ya umbea ni kazi nyingine kabisa. "Mbona alipokasirika Temeke ilirudi?" Kwani nani kasema iliondoka? Yule Mbrazili naye alikuwa anarudi. Mpeni huyu dada miezi kadhaa pale mtaani, anunue mihogo, aamke na kelele za bodaboda, halafu mumrekodi upya.

Lakini mi siyo mtetezi wa kila mtu, tusielewane vibaya. Wanaojifanya wapo. Kuna mtangazaji mmoja, naye kapuni, hajawahi kuvuka Chalinze, ila akiwasha maiki anageuka mtu wa New York. Kuna MC wa harusi, kwenye kikao cha kamati anaongea kama sisi, akishika maiki mbele ya wageni "habari" inakuwa na "r" ya kutafuna. Hao nawajua na ninyi mnawajua. Tofauti yao na huyu dada mi naiona hivi. Mwenye kuigiza anashika kile ambacho kila mtu anakisikia. Anaikamata "r", anaipinda mpaka inalia, anatupia "yu no" kila baada ya maneno matatu, basi kamaliza kazi. Hawezi kuigiza upepo wa "p", kwa sababu hajui kama upo. Hawezi kuigiza "b" iliyoacha kuvuta ndani. Kilichobadilika kweli huwa kipo kwenye vitu ambavyo mwenyewe havisikii, na ukimwambia anabisha kwa dhati, anakwambia "mi naongea kawaida". Dada yetu ndicho alichojibu. Na mlichomshikia kwenye klipu, pamoja na ile "r", ni "p" ya "kupumzika". Hakuna mtu anayejishaua kwa "p".

Tena hata hivyo, sekunde 15 hazitoshi kumhukumu mtu. Mi nimesikiliza dakika zote 40. "R" ilipinda mara chache, mara nyingi ilikuwa yetu ya kawaida. Alitafuta neno mara mbili akalipata. Alisema "shikamoo" kwa yule mtangazaji mkubwa bila kuulizwa. Hayo hayakukatwa klipu.

Kuna kitu kingine kinanikera. Tukiwa wakweli, hatuna shida na lafudhi iliyobadilika. Tuna shida na nani imembadilikia na kaipata wapi. Mzungu akija na "mambo vipi wadau" yenye "r" imelala chali, tunampa maua yake, laiki laki moja, "huyu ni wetu". Mbongo akija na "r" hiyo hiyo, kesi. Na kama huyu dada angekaa miaka mitatu Kampala akarudi na Kiswahili chenye Kiganda ndani, hakuna ambaye angesema anaringa, tungesema kachafuka, kawa mshamba. Kitu ni kile kile kimetokea mdomoni. Ikitoka kwenye lugha ya wenye pesa tunaita maringo, ikitoka kwenye lugha isiyo na pesa tunaita ushamba. Dada zetu waliokwenda kufanya kazi za ndani Oman wanalijua hili vizuri. Mtu kakaa nyumba ya watu Muscat, anaamka alfajiri, siku nzima anasikia na kujibu Kiarabu. Anarudi mtaani, "h" imeshuka kooni kidogo, sauti inapanda na kushuka tofauti. Kabla hajafungua begi keshapewa jina, Mwarabu wa Mbagala. Hakuna anayemwuliza alikuwa analala saa ngapi.

Na Kiarabu chenyewe, ngoja niseme. Kiswahili hiki tunachokilinda kama yai, zile "dh", "gh" na "th" kwa sehemu kubwa zimeingia na maneno ya Kiarabu. Dhahabu, ghali, thelathini. Watu wa pwani walikaa na lugha ya pili kwa karne nyingi, wakaswali nayo, wakafanya nayo biashara, ikawaachia sauti mdomoni. Leo mtu akisema "zahabu" au "selasini" tunamcheka hajui Kiswahili. Yani alama ile ile ya lugha ya pili kuigusa ya kwanza, ikiwa na umri mkubwa tunaiita ufasaha, ikiwa na miaka mitatu tunaiita kujishaua. Sijui tunaweka mstari mwaka gani.

Sasa utaniuliza, kwani kuna ubaya gani, si utani tu? Staa ni staa, atachekwa leo, kesho tutacheka mwingine. Kwa staa sawa, huenda hata kiki anaipenda. Mi nawaongelea wasio staa.

Nina mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo. Kazaliwa Kahama, Kisukuma ndo lugha aliyoanza nayo, kaongea hiyo peke yake mpaka alipoanza shule. Alipofika darasa la pili wakahamia Dar. Miaka 14 ikapita hajarudi. Mwaka juzi tukaenda wote kumwona bibi. Sasa Kisukuma kina "m" mbili. Kuna ya kawaida, na kuna ile tunayoiandika "mh", inayotoka na pumzi puani. Kwenye salamu ukiulizwa habari unajibu "mhola", yani salama. Kiswahili hicho kitu hakina. Bibi akamsalimia, dogo akajibu kwa heshima zote, kainama kabisa: "mola". "M" ya Kariakoo, kavu, pumzi hakuna. Tena kaibonyeza silabi ya pili kutoka mwisho kama tunavyofanya kwenye Kiswahili, wakati Kisukuma kina milio ya juu na chini inayotakiwa kukaa mahali pake.

Wajomba wakaangua kicheko. "Mola yupi tena, tumefika mbinguni?" Utani wa kawaida wa ukweni na nyumbani, hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kila alipofungua mdomo siku ile, mtu mmoja anairudia kwa sauti ya Dar. Mpaka jioni dogo akawa kahamia kwenye Kiswahili. Bibi Kiswahili chake ni cha sokoni, bei na salamu. Basi tukakaa siku nne pale, mtu na bibi yake, mimi katikati natafsiri. Bibi alikuwa anataka kumhadithia habari za baba yake alipokuwa mdogo, hadithi ndefu, na hadithi ya bibi ikipita kwa mkalimani inafika imekonda. Na mkalimani mwenyewe ndo mimi, mnanijua.

Mpaka leo bibi akipiga simu, dogo anasema salamu moja halafu ananipa simu.

Kumbuka alikuwa anakijua Kisukuma. Anakielewa chote, maneno anayo, sarufi anayo. Kilichoharibika ni pumzi moja ya puani na milio, vitu ambavyo vingerudi vyenyewe kama angekaa wiki chache anasikia na kujibu, kama ilivyokuwa inarudi kwa yule Mbrazili. Lakini ili virudi lazima uongee. Na hutaongea kama kila ukifungua mdomo unakuwa kichekesho cha siku.

Hapo ndipo ninapowaona pia watoto wa shule za Inglishi Midiamu, hawa wa Mbezi na Tegeta ambao hawajawahi kupanda ndege. Shule nyingine ukikutwa unaongea Kiswahili unavalishwa kibao shingoni au unachapwa. Saa nane kwa siku, miaka saba, mtoto anafundishwa kwamba Kiswahili ni kosa. Akirudi mtaani Kiswahili chake kimepinda, mtaa unamcheka, anaitwa mtoto wa mayai. Kwa hiyo shuleni anaadhibiwa akikiongea, nyumbani anachekwa akikiongea. Mtoto ana akili, anachagua kilichobaki. Anakujibu kwa Kiingereza. Halafu tunaandika posti: vijana wa siku hizi wanadharau lugha yao.

Kuna mtafiti anaitwa Monika Schmid, alifuatilia Wayahudi wa Kijerumani kutoka mji wa Düsseldorf waliokimbia Ujerumani wakati wa Wanazi, wakaenda kuishi nchi za Kiingereza. Wote Kijerumani kilikuwa lugha ya mama. Ungetegemea waliokaa ugenini muda mrefu zaidi ndo wakipoteze zaidi, au walioondoka wakiwa wadogo zaidi. Matokeo hayakufuata hivyo. Walioondoka mapema, kabla mambo hayajawa mabaya sana, walikitunza vizuri. Waliokipoteza zaidi ni walioondoka mwishoni, baada ya mashambulizi ya Novemba 1938, wale walioona majirani zao wanaoongea lugha hiyo hiyo wakiwageuka. Miaka ya kukaa nje haikuwa na nguvu kama kile walichotendewa na wenye lugha. Sisemi komenti za Insta ni kitu kimoja na yale, Mungu atuepushe, hata kidogo. Nasema tu kwamba ulimi unafuata pia moyo, na moyo una masikio.

Kwa hiyo mi nikisikia mtu karudi na lafudhi imesogea, siku hizi nasikiliza kitu kimoja tu: bado anaongea? Huyu dada alialikwa kwenye kituo ambacho nusu ya vipindi ni Kiswanglishi, angeweza kuongea Kiingereza dakika zote 40 na mngempongeza yuko vizuri. Alichagua Kiswahili, kikiwa na "p" yake ya ugenini. Wiki hii kapandisha video mbili. Zote kwa Kiingereza. Komenti zimetulia, watu wanaandika "kizungu kimenyooka".

Nawageukia ninyi mnaotusoma mkiwa mbali, mlioko Muscat, Minneapolis, Leicester, na ninyi mlioko hapa hapa Dar ila kwenu ni Bukoba, Tandahimba au Tukuyu. Ukipiga simu nyumbani, nani alikuwa wa kwanza kukwambia sauti yako imebadilika, na ni neno gani lilikuumbua? Dondosheni kwenye komenti, liandikeni kama linavyotoka mdomoni, na atakayemcheka mwenzake huku chini namfuta.